Siku Tuliyoiuliza Spana

Mimi huandika polepole. Mwalimu wetu kule Sagalla, ambaye Jumapili alikuwa msomaji kanisani, alitufundisha kwamba herufi iliyoandikwa vibaya ni uongo mdogo, na katika darasa zima nadhani ni mimi peke yangu niliyemwamini. Mpaka leo S yangu huchukua muda kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Nasema haya mwanzoni kwa sababu kazi niliyo nayo, katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Voi, niliipata kwa ajili ya uandishi huo, na nusura niikose kwa ajili ya uandishi huo huo. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa na watu bado wananiuliza ilikuwaje. Kusimulia mbele ya watu siwezi. Afadhali niandike.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mkata mkonge katika shamba hilo hilo. Siku moja aliinama kukata jani la chini na mwiba wa jani la jirani ukamwingia jicho la kushoto. Tangu hapo akitaka kukuona hugeuza kichwa kizima, kama kuku. Mama akasema nyumba yake imekwisha kutoa jicho moja, na moja linatosha. Lakini mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya shule yetu ndogo na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ndipo tukasikia kwamba injinia wa shamba, Mzungu aliyekuja karibuni, anatafuta kijana mmoja wa kujifunza ufundi karakana. Mmoja tu. Na yeyote atakayeshindwa, kama anataka kazi, nyapara atakuwa nje na panga la mkonge.

Asubuhi ya kuondoka baba alinisindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka. Hakuniambia nifanye bidii. Aliniambia nisimbishie mtu mzima. Kwetu hilo hufundishwa kabla ya kusema sala. Mtu mzima akikosea humwambii amekosea. Unatafuta namna ya kumwachia mlango, aingie na kutoka mwenyewe kama aliyekuwa akitembea tu. Baba alisema kijana anayembishia mkubwa hata akipata kazi hapati mwalimu. Kisha akageuka, akapanda kurudi nyumbani.

Tulikuwa sita. Simjui hata mmoja wao mpaka leo vizuri, ila wawili nawakumbuka: mmoja mrefu wa Mghange, aliyevaa soksi, na mmoja wa Taveta aliyekuwa anacheka kabla hajasema. Tuliketishwa katika ghala la singa, zile nyuzi za mkonge, juu ya marobota, kila mtu na ubao magotini, karatasi moja, na kalamu ya kuchovya. Wino ulikuwa kwenye kopo moja katikati. Injinia alisimama mlangoni akiwa amefumbata mikono nyuma. Karani wa shamba alisoma maneno ambayo injinia alikuwa ameyatunga mwenyewe. Yalikuwa kauli kumi. Sisi tulitakiwa kuandika, kwa sentensi kamili, kama kauli ni kweli au si kweli. Muda ulikuwa nusu saa.

Kauli ya kwanza ilisema kwamba maji hupanda mlima yenyewe. Ya pili, kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko kitu chepesi. Ya tatu, kwamba chuma kikipata moto hupungua urefu. Ya nne, kwamba kuni kavu huzama majini. Ya tano, kwamba toroli iliyojaa husimama kwa urahisi kuliko toroli tupu. Na kadhalika mpaka kumi. Zote zilikuwa za uongo. Injinia, tulikuja kujua baadaye, hakupenda kasuku. Alitaka kuona nani atathubutu kufikiri.

Karani akamaliza kusoma. Tulitazamana. Hapakuwa na mtu kati yetu ambaye hajawahi kuona maji. Lakini mtu mzima, injinia, mwenye mvi ubavuni mwa kichwa, alikuwa amesimama mbele yetu akisema kwamba maji hupanda mlima. Ungefanyaje? Wenzangu watano wakainama wakaandika mara kumi: Ni kweli, bwana. Walimaliza kabla wino haujakauka kwenye jina langu.

Maana mimi nilikuwa bado kwenye jina. Niliandika jina, nikaandika jina la baba, nikaandika Sagalla, na ile S ikanichukua kama kawaida. Kisha nikafikiria kauli ya kwanza. Mama yangu hubeba maji kutoka bondeni kila siku, mtungi mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso mpaka ngozi imefanya mfereji pale. Kama maji yangeweza kupanda yenyewe yangekuwa yamekwisha kumhurumia. Kwa hiyo kweli siwezi kuandika. Kusema si kweli pia siwezi. Nikatafuta mlango wa kumwachia bwana. Baada ya muda mrefu nikaupata, na ulikuwa hivi: "Si kweli kwamba bwana amekosea, ila mimi bado sijayaona maji hayo." Niliiona sentensi nzuri, yenye heshima pande zote mbili. Nikachovya kalamu. Nikaandika "Si kweli". Nikainua mkono kuiandaa K ya "kwamba".

Nje wakagonga kile kipande cha reli kilichotundikwa mtini kuwa kengele. Karani akapita akinyakua karatasi. Nilijaribu kuishika yangu kidogo, akaivuta, akaniambia niache utoto.

Tulingoja kivulini mwa ghala. Kwa kuwa wote walijua walichoandika, walianza kuzitetea zile kauli, kila mtu akizipa njia ya kuwa kweli. Yule wa Mghange alisema kwao maji hupanda mlima kila asubuhi, yakiitwa ukungu, na saa nne yamefika kileleni bila kubebwa na mtu. Kijana aliyechunga ng'ombe huko Ndara alisema chuma hupungua kikipata moto, kwa kuwa kisu cha mjomba wake kimepungua, ingawa alikubali kwamba mjomba hukinoa pia. Yule wa Taveta akacheka kwanza, kisha akasema aliona kwa macho yake gogo kavu likizama ziwani Jipe.

"Lenyewe tu?" wa Mghange akamuuliza.

"Kulikuwa na kiboko juu yake," akasema. "Lakini kauli haikuuliza habari za kiboko."

Mimi nilikuwa nawaza tu lile panga. Nyapara alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwetu na mapanga sita yameegemezwa ukutani. Kila mara alikuwa akitutazama mikono.

Karani akatoka akasoma matokeo. Watano walikuwa wamejibu kumi na kupata sifuri. Mimi nilikuwa nimejibu moja na kupata moja. Nilikuwa wa kwanza.

Wenzangu walinitazama kama mtu aliyekojoa kanisani. Yule wa Mghange aliniuliza, kwa sauti ya kunihurumia, kama ni kweli nilimwandikia mtu mzima kwamba anasema uongo. Nilitaka kueleza habari za ile K, lakini ulimi wangu huwa unachelewa kuliko mkono. Kabla sijaanza, injinia alikuwa amenishika bega akinipeleka karakana. Wale wengine watano na nyapara wakatufuata nyuma kuona mwisho wake.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa mzee wa milimani, wa umri wa babu yangu. Hakujua kusoma, lakini angeweza kusikiliza mashine ya kukwangua mkonge na kukuambia jino lipi limelegea. Kila kijana aliyejifunza pale alifundishwa na yeye, si na injinia. Injinia alimwambia amemletea mwanafunzi. Habari ilikuwa imekwisha kutangulia mbele yetu, sijui kwa njia gani. Mzee hakugeuka. Aliendelea kupangusa mikono kwa singa.

"Huyu ndiye aliyekuambia unasema uongo?" akamuuliza injinia.

Injinia alisema ndiyo, akifurahi.

"Basi mimi simtaki. Leo amekuambia wewe si kweli. Kesho nitamwambia shika spana, ataniambia si spana."

Injinia alieleza kwa Kiswahili chake kwamba kauli zote zilikuwa za uongo kwa makusudi, na huyu kijana ndiye pekee aliyegundua. Mzee akauliza ni kauli gani hizo. Karani akaanza kuzisoma tena. Kwa ile ya kwanza mzee alitikisa kichwa, kukubali kwamba ni upuuzi, kisha karani akafika ile ya pili, ya kitu kizito na kitu chepesi. Hapo mzee akainua mkono.

"Hiyo ni kweli," akasema.

"Hapana," injinia akasema.

"Bwana, mimi nina miaka mingi katika kazi hii. Spana imeniangukia mguuni mara ngapi sijui, na haijawahi kunipa nafasi ya kuuondoa mguu. Nati ikianguka nauondoa. Ipi ina mbio?"

Injinia alisema zote zina mbio moja. Mzee alisema hayo ni maneno ya mtu anayevaa viatu. Walibishana hivyo kwa muda, na wakata mkonge waliokuwa wanapita na mizigo wakaanza kusimama. Mwishowe injinia alinigeukia.

"Wewe sema," akaniambia. "Mzee nasema kweli. Mimi nasema si kweli. Wewe nasema nini?"

Sijui kama msomaji amewahi kusimama mahali kama pale. Nikisema ni kweli, nimempoteza injinia, na lile panga ni langu. Nikisema si kweli, nimempoteza mzee, na panga ni lile lile. Kwa nyuma yangu nyapara alikohoa. Nikamkumbuka baba pale njia inapoteremka, na nikaanza kutafuta mlango, polepole, kama ninavyotafuta sentensi. Karakana ilikuwa na mlango mmoja tu. Kupitia mlango huo nikaliona tangi la maji juu ya miguu yake mirefu ya chuma, na ngazi ubavuni.

"Baba," nikamwambia mzee, nikitazama chini, "labda tuiulize spana."

"Spana husema?"

"Ikianguka husema."

Mzee aliacha kupangusa mikono. Alilifikiria jambo hilo. Nadhani lilimpendeza kwa kuwa yeye na spana walikuwa wamefahamiana muda mrefu kuliko yeye na mtu yeyote pale. Akasema sawa, na iulizwe. Lakini akatoa sharti kwamba yeye atageuza mgongo, kwa sababu macho huona yanachotaka, na sikio lake halijawahi kumdanganya. Wakalaza bati moja chini ya tangi. Mimi nikapanda ngazi na spana kubwa ya toroli begani, ambayo ilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu, na nati moja mfukoni. Nilipofika juu niliona Voi yote na moshi wa garimoshi. Chini watu walikuwa wameongezeka. Nikanyoosha mikono miwili nikaachilia kwa pamoja.

Bati likalia mara moja. Nduu.

"Nimesikia spana," mzee akasema akiwa amegeuka mgongo. "Ile nati imebaki juu?"

Wakamwonyesha nati chini. Aliitazama kwa mashaka. Akasema spana imeanguka na upepo wake, na upepo huo umeikokota nati, kama vile garimoshi likipita huvuta karatasi. Hakuna aliyebisha, hata injinia, ambaye sasa alikuwa ameketi juu ya debe. Wakaleta bati la pili, wakalitenga na la kwanza hatua mbili. Nikapanda tena. Nikatanua mikono kama mtu aliyesulubiwa, nikaachilia.

Nduu. Mara moja.

Mzee akasema nimeitanguliza nati kidogo, si kwa ubaya, bali mkono wa kijana huichoka spana upesi. Nikateremka kuzichukua. Nikapanda tena na kubadili mikono. Nduu. Akasema sasa nimeichelewesha spana kwa kumwogopa yeye, naye anaifahamu hofu hiyo na haichukii. Hilo lilinigusa, kwa sababu kweli nilikuwa namwogopa. Nikasema, tena kwa kutazama chini, kwamba huenda mkono wa mtu mzima ungekuwa na usawa zaidi.

Mzee alipanda mwenyewe. Alipanda polepole, akipumzika kila ngazi ya tatu, na spana akaifunga kiunoni kwa kamba ya mkonge. Mpishi wa wafanyakazi alikuwa amekuja na mwiko mkononi. Mzee alifika juu, akakaa kwanza, akavuta pumzi, akasimama, akatanua mikono.

Nduu.

Akiwa juu kule akaomba zipandishwe tena. Mimi nikazipandisha. Akaachilia tena, safari hii amefumba macho. Nduu. Akaomba nati kubwa zaidi, kisha ndogo zaidi, kisha nyundo badala ya spana. Nilipanda na kushuka kwa kila kimoja. Mabati yalijaa mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kila mara mzee aliinama kidogo kusikiliza, na kila mara ilikuwa nduu moja, mpaka wakata mkonge wakaanza kuisema kwa midomo yao kabla haijalia. Kengele ya chakula ikagongwa na hakuna aliyeondoka.

Mwisho akateremka. Alisimama mbele ya mabati akaiokota ile nati ya kwanza, akaipima kiganjani.

"Miaka yote hii," akaiambia, "kumbe ulikuwa na mbio hizi na unanyamaza."

Kisha akamgeukia injinia. "Mimi sikushindwa na mtoto," akasema. "Wala na wewe, bwana. Nimeshindwa na nati, na nati ni yangu."

Injinia alikubali kwamba nati ni yake. Akauliza kama sasa mzee atanichukua. Mzee akasema bado kuna lile jambo la karatasi. Kijana huyu anaonekana ana adabu, lakini karatasi inasema alimwambia mtu mzima si kweli. Karatasi na kijana havilingani, na yeye hawezi kuwafundisha vijana wawili.

Hapo nikajua kwamba lazima niseme. Nilijua pia nitakachopoteza. Ile alama moja ndiyo iliyonitoa kwenye marobota, na kama ningeiharibu ningebaki sawa na wenzangu, ambao walikuwa pale pale wakinitazama. Lakini karatasi ilikuwa inasema neno ambalo sikuwa nimelisema. Nikasema kwamba sentensi haikuwa imekwisha.

Karani alicheka. Mzee hakucheka. Akaagiza karatasi iletwe, na kalamu, na wino. Nikapewa debe la kuketi na ubao wa magotini, watu wote wamenizunguka, na nikaambiwa nimalize. Nikaiandika ile K niliyokuwa nimeinua mkono kuiandika asubuhi. Nikaendelea. Ilichukua muda. Mpishi alikwenda kugawa chakula akarudi nikiwa kwenye "sijayaona". Hakuna aliyenihimiza. Mzee alisimama nyuma yangu akitazama kalamu, ingawa herufi hakuzijua. Nilipoweka nukta akamwambia karani asome.

Karani akasoma: "Si kweli kwamba bwana amekosea, ila mimi bado sijayaona maji hayo."

Mzee akaomba isomwe tena. Ilipokwisha mara ya pili alivuta pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Huyu ni mtoto wa watu," akasema. "Nitamchukua."

Injinia naye alikuwa ameipokea karatasi. Aliisoma mwenyewe, midomo ikitembea. Nikaona anatambua. Jibu langu pekee, likiwa limekamilika, lilisema bwana hakukosea, kwa hiyo lilikuwa limekosea kama majibu ya wengine. Sasa tulikuwa vijana sita wenye sifuri sita. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akayatazama mabati. Akatoa penseli ya rangi nyekundu mfukoni, akaishika juu ya karatasi kwa muda, kisha akairudisha mfukoni. Aliikunja karatasi mara nne na kuondoka nayo. Yule wa Mghange alipewa kazi ya kuandika hesabu ya marobota, kwa ajili ya zile soksi. Wanne waliobaki walichukua mapanga. Yule wa Taveta alilichukua la kwake akicheka, na tangu siku ile akiinama mimi hutazama pembeni.

Kuhusu kazi yangu ya kwanza, mzee alinipeleka mpaka chini ya tangi akaligonga kwa nyundo. Lililia kama ngoma. Lilikuwa tupu. Pampu ilikuwa imekufa tangu Jumanne, na mashine ya mkonge haiwezi kwenda bila maji. Alinipa debe na mti wa kubebea, akanionyesha kisima kule bondeni, kisha kilima, kisha ngazi.

"Yale maji uliyosema hujayaona," akaniambia. "Nenda ukayaone yanavyopanda."

Nilipanda nayo siku nne. Siku ya pili nilikumbuka kumwiga mama, nikatafuta ukanda nikauweka kwenye paji la uso, na debe likawa jepesi kidogo. Mzee aliponiona na ule ukanda alisimamisha kazi, akaniita, akataka kujua kwa nini mzigo huo huo uwe mwepesi kwa kuhamishwa mahali. Nikamwambia sijui. Akasema basi kesho tutauuliza.